Mahamri na Mbaazi: Chakula Kikishamezwa Kinaingia Mwilini Saa Ngapi?

Saa moja asubuhi, kwenye kichochoro cha Kibokoni, Mombasa, mama wa mbaazi ananijazia bakuli. Mbaazi za nazi zenye tui zito, mahamri matatu ambayo bado yanalowesha karatasi kwa mafuta, na kikombe cha chai ya maziwa. Nina safari ya kuvuka Likoni, na ndani ya feri watu hubanana, kwa hiyo namuuliza kwa mzaha kama mbaazi zake hazitanijaza riahi nikaaibika mbele za watu.

Ananitazama kama mtoto asiyefunzwa. "Mwanangu, hizi zimelala majini usiku kucha. Alfajiri nikamwaga maji yake, nikatia mengine. Kula uende zako."

Jibu hilo lina sayansi kamili ndani yake, ila litabidi lingoje. Linahusu sehemu ya mwisho ya njia ya chakula, na mbaazi hizi hazitafika huko kabla ya alasiri.

Ugumu wa kueleza mambo haya kwa Kiswahili unaanzia kwenye neno tumbo. Ukishiba, tumbo limejaa. Ukiharisha, tumbo linakuendesha. Mwenye mimba ana tumbo. Kiungulia, msokoto, vidonda, minyoo, mchango, vyote ni "tumbo linanisumbua", na daktari inabidi aanze kuuliza ni tumbo lipi na ni upande gani. Neno hilo limetuzoesha kudhani kwamba humo ndani mna chungu kimoja: chakula kinatumbukia, kinapikwa, kinakuwa damu na nguvu. Kumbe ule mfuko unaopokea chakula, ambao ndio tumbo hasa, karibu hauingizi chochote mwilini. Kazi kubwa inafanyika mbele yake, kwenye bomba lililojikunjakunja ambalo wengi wetu hulikumbuka tu siku ya kununua matumbo kwa mwenye bucha.

Tena kuna jambo ambalo lilinichukua muda kulikubali. Njia ya chakula ni bomba moja lililo wazi huku na huku, kuanzia mdomoni hadi tupu ya nyuma. Kilichomo ndani ya bomba hilo, kwa hesabu ya mwili, bado kiko nje. Mtoto akimeza sarafu ya shilingi kumi, mara nyingi itapita na kutoka vilevile ilivyoingia, bila kuwa sehemu ya mtoto hata nukta moja. Wakazi wa Mombasa tunalielewa hili kwa njia nyingine: meli ikifunga gati Kilindini, makontena yamefika mjini, lakini mwenye mali hana mali mpaka forodha imruhusu. Ukimeza, umefunga gati tu.

Basi tuifuate sahani yangu.

Mdomoni kazi ni mbili. Meno yanasaga, na mate yanalainisha na kuanza kukatakata wanga. Tuna jozi tatu za tezi kubwa za mate, mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi, nazo kwa siku nzima hutoa kama lita moja hadi lita moja na nusu. Ndani ya mate mna kimeng'enya kiitwacho amilesi. Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha kazi moja maalumu ya kikemia bila zenyewe kwisha, na kila kimoja kina kitu chake: kinachokata wanga hakigusi mafuta, kinachokata protini hakina habari na wanga. Wanga wenyewe ni mnyororo mrefu wa glukosi, mfano wa shanga zilizotungwa kwenye uzi mmoja. Mwili hauwezi kupitisha uzi mzima. Unataka shanga mojamoja.

Ukitaka kuona amilesi ikifanya kazi, usijaribu na hamri, kwa sababu hilo lina sukari yake tangu linapokandwa. Chukua wali mweupe, mkavu, usio na nazi. Tia kijiko kimoja mdomoni na utafune polepole kwa dakika mbili bila kumeza. Utaanza kuhisi utamu mdogo ambao haukuwepo. Hakuna aliyeuweka, ni wanga wa wali unakatika kuwa sukari juu ya ulimi wako.

Kumeza ni jambo la sekunde chache. Kooni njia ya chakula na njia ya hewa zinakutana, na kifuniko kidogo hufunika njia ya hewa tonge linapopita. Kikichelewa, unapaliwa. Wazee waliokataza mazungumzo wakati wa kula walisema ni adabu, na ni adabu kweli, lakini pia anayezungumza anavuta pumzi, na anayevuta pumzi njia yake ya hewa iko wazi. Kutoka hapo tonge linapita kwenye umio, bomba la misuli lenye urefu wa kama sentimita 25. Misuli hujibana nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, kwa hiyo haliteremki kwa uzito wake tu, linasukumwa. Ndiyo maana mtu aliyening'inia kichwa chini anaweza kumeza.

Sasa tumbo lenyewe, ule mfuko. Humu mna asidi ya haidrokloriki, na mfuko ukiwa hauna chakula asidi hiyo huwa kali kuliko maji ya ndimu. Inaua vijidudu vingi tulivyokula bila kujua, na inaamsha kimeng'enya kiitwacho pepsini kinachoanza kukatakata protini, kwa hapa zile za mbaazi. Kuta za mfuko haziunguzwi kwa sababu zimepakwa ute mzito. Umio hauna kinga hiyo, na asidi ikipanda juu ndipo tunapata kiungulia, moto ule wa kifuani ambao wengi huudhania moyo.

Tulijuaje kwamba tumbo linayeyusha chakula kwa kemia na si kwa kukiponda tu? Kisa chake kinatisha kidogo. Mwezi wa Juni 1822, kwenye kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana aliyefanya kazi ya biashara ya ngozi, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu akapona, lakini jeraha halikuziba kabisa: likabaki tundu linaloingia moja kwa moja tumboni. Beaumont akaona fursa. Alifunga vipande vya nyama na vyakula vingine kwenye uzi wa hariri, akaviingiza kwenye tundu, akavivuta nje baada ya saa kadhaa kuona vimeyeyuka kiasi gani. Kisha akachota maji ya tumbo, akayatia kwenye chupa yenye joto la mwili, akatumbukiza nyama humo, na nyama ikayeyuka hukohuko chupani, nje ya mtu. Mwaka 1833 alichapisha kitabu cha majaribio hayo. St. Martin alitoroka akarudi kwao Kanada, na mimi simlaumu.

Hapa kuna dhana moja ya pwani ambayo lazima niiguse. Nyumbani kwetu, mtu akiambiwa ana vidonda vya tumbo, pilipili ndiyo huhukumiwa kwanza. Mimi nimekulia nikiambiwa achari itanitoboa tumbo. Lakini mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa kikombe chenye bakteria aina ya Helicobacter pylori ili athibitishe alichokuwa akikiamini pamoja na mwenzake Robin Warren, na kuta za tumbo lake zikavimba ndani ya siku chache. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Vidonda vingi vinatokana na bakteria huyo au na dawa za maumivu za jamii ya aspirini zinazotumiwa kwa muda mrefu. Pilipili inaweza kumchoma mtu ambaye tayari ana kidonda, hilo ni kweli, lakini haikichimbi. Inawasha kwa sababu inagusa vipokezi vya neva vinavyohisi joto, na vipokezi hivyo vimetandazwa njia nzima hadi mwisho. Waliokula mihogo ya Lighthouse ikiwa imejaa pilipili wanajua kwamba inawasha mara mbili.

Saa tatu asubuhi nimeshavuka, niko Likoni, na sehemu kubwa ya mbaazi bado imo mfukoni mwa tumbo. Kwa kawaida mfuko huo huchukua saa mbili hadi nne kumwaga mlo, na mafuta huuchelewesha zaidi. Hii ndiyo siri ya kifungua kinywa chetu. Mkate mkavu na chai ya rangi vitakuacha na njaa saa nne. Mahamri yaliyokaangwa na mbaazi za tui yatakufikisha adhuhuri. Mlango wa chini wa mfuko unafunguka kidogo na kufunga, ukipitisha uji uliosagika kiasi kwa kiasi. Hadi hapa, kilichoingia mwilini mwangu kwa kupita kwenye kuta ni kama hakuna. Pombe na aspirini ni miongoni mwa vitu vichache vinavyoanza kupenya tumboni. Chakula bado kiko nangani.

Uji unaoteremka sasa ni mkali kwa asidi, na utumbo mwembamba hauna ule ute mzito wa kuuhimili. Wanasayansi wawili wa London, William Bayliss na Ernest Starling, waligundua mwaka 1902 namna mwili unavyojilinda: asidi ikigusa sehemu ya kwanza ya utumbo, kuta zake humwaga kemikali ndani ya damu, kemikali hiyo inazunguka na kufika kwenye kongosho, tezi iliyo nyuma ya mfuko wa tumbo, na kongosho hutoa maji yenye bikaboneti. Ni jamaa wa magadi tunayotia kwenye kunde. Asidi inapoa. Kemikali hiyo, sekretini, ndiyo iliyowafanya wanasayansi waanze kuzungumza juu ya homoni. Neno homoni lenyewe lilikuja miaka mitatu baadaye.

Pamoja na bikaboneti, kongosho huleta vimeng'enya vya kila namna: vya wanga, vya mafuta na vya protini. Vya protini husafirishwa vikiwa vimelala, na huamshwa vikishafika utumboni. Vingeamka njiani, vingelimeng'enya kongosho lenyewe, na huo ni ugonjwa wa hatari ambao kweli huwapata watu.

Halafu inakuja nyongo, na hapa ninaomba ruhusa ya kuingia jikoni. Aliyewahi kupasua kuku anaujua ule mfuko mdogo wa kijani uliojibana kwenye ini. Shangazi yangu alikuwa akisimama juu ya kichwa changu: polepole, ukiupasua umeharibu mboga. Nyongo ni chungu kweli, nayo haimo mwilini kwa ajili ya uchungu. Ini hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja kila siku, na mfuko ule huihifadhi hadi mafuta yafike.

Mafuta na maji hayapatani, na vimeng'enya vinafanya kazi majini. Tone kubwa la mafuta likielea, kimeng'enya kinaweza kuligusa juu juu tu. Fikiria sasa tui. Ukikuna nazi na kukamua, unapata maji meupe, na weupe ule ni matone madogo mno ya mafuta yaliyotawanyika majini bila kuungana, kwa sababu protini za nazi zimeyavika. Ukilichemsha bila kukoroga, au ukilikamulia ndimu bila hadhari, tui linakatika: mafuta yanaungana na kuelea juu. Ndivyo mafuta yanavyofika utumboni, yakiwa yamekatika. Nyongo inafanya kinyume chake. Chumvi zake zina upande mmoja unaopenda mafuta na mwingine unaopenda maji, kama sabuni kwenye sufuria ya samaki wa kukaanga, na kila bonge la mafuta linavunjwa kuwa vitone vidogo sana. Kwa maneno mengine, mwili unalirudisha tui. Hapo ndipo kimeng'enya kiitwacho lipesi kinapata pa kushika. Na mwili si mbadhirifu: zaidi ya asilimia 90 ya chumvi hizo hufyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudishwa kwenye ini zitumike upya.

Tumefika forodhani. Utumbo mwembamba una urefu wa mita kadhaa. Ukinyoshwa baada ya mtu kufa hufikia kama mita sita, lakini kwa mtu aliye hai misuli yake huukaza ukawa mfupi zaidi. Ndani haukulainika kama mpira wa maji. Una mikunjo, juu ya mikunjo kuna vijidole vidogo vinavyofanana na manyoya ya zulia, na kila seli juu ya vijidole hivyo ina vijidole vingine vidogo zaidi visivyoonekana kwa macho. Vitabu vingi bado vinasema ukiutandaza wote utajaza uwanja wa tenisi. Watafiti wa Sweden walipima upya mwaka 2014 wakapata kama mita 30 za mraba. Ni ukubwa wa chumba na sebule yake kwenye nyumba ya kupanga huku Kisauni, na bado ni eneo la ajabu kukunjwa likaenea chini ya kitovu. Ngozi hiyo ya ndani hujitengeneza upya kila baada ya siku chache.

Juu ya seli hizo kuna vimeng'enya vya kumalizia. Kimoja kinaigawa sukari iliyotiwa kwenye hamri kuwa glukosi na fruktosi. Kingine, laktesi, kinaigawa sukari ya maziwa. Watoto wachanga wote wanacho tele, lakini kwa watu wengi duniani hupungua wakikua, na maziwa yasiyogawanywa huishia kuwa chakula cha bakteria: tumbo linanguruma, linajaa, linaendesha. Mwaka 2007 kundi la watafiti likiongozwa na Sarah Tishkoff lilichapisha uchunguzi wa watu kutoka Kenya, Tanzania na Sudan, likaonyesha kwamba jamii za wafugaji wa kwetu zilipata uwezo wa kunywa maziwa ukubwani kwa mabadiliko ya jeni yaliyo tofauti na yale ya Wazungu. Yaani jambo lilelile lilizuka mara mbili au zaidi, kila upande kwa njia yake. Kwa hiyo jirani yako wa asili ya wafugaji anamaliza chupa nzima ya maziwa, nawe kikombe kimoja kinakukimbiza chooni, na hakuna kati yenu aliye mgonjwa. Mtindi huwa nafuu kwa wengi kwa sababu bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo.

Na sasa kupita ukutani. Shanga zimeachana, glukosi iko peke yake mbele ya seli. Lakini haivuki peke yake. Kuna mlango ambao hufunguka tu glukosi ikija na sodiamu, ambayo ni nusu ya chumvi ya mezani. Zinaingia pamoja, na maji yanazifuata. Robert Crane alilieleza wazo hili mwaka 1960 katika mkutano uliofanyika Prague, na kwa mtazamo wangu hakuna kipande cha elimu ya utumbo kilichookoa watu wengi kama hiki.

Sababu ni kuhara. Kipindupindu si mgeni pwani yetu. Sumu ya bakteria wake inafungua mabomba ya utumbo, maji ya mwili yanamwagika ndani yake, na mtu anaweza kufa kwa siku moja. Ukimpa maji matupu, yanapita. Lakini ule mlango wa glukosi na sodiamu sumu haiuharibu. Ukitia sukari na chumvi kwa kipimo, maji yanavutwa kurudi mwilini ugonjwa ukiwa bado unaendelea. Wakati wa vita vya Bangladesh mwaka 1971, daktari Dilip Mahalanabis alitumia maji hayo kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, dripu zilipomwishia, na vifo vilivyokuwa vikikaribia asilimia 30 vikashuka hadi chini ya asilimia 4.

Nimemsikia mama mmoja huku Mombasa akimkataza binti yake kumpa mtoto anayeharisha maji ya sukari, kwamba sukari itamzidishia. Ana nusu ya ukweli. Soda na sharubati zina sukari nyingi mno, na sukari ikizidi inavuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni. Kipimo ndicho dawa. Kama hakuna pakiti ya ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, ni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pasiwe na sukari peke yake, wala chumvi peke yake, kwa sababu mlango unataka zote mbili. Na dafu, ambalo ndilo hukimbiliwa kwanza huku kwetu? Lina potasiamu nyingi, jambo zuri, lakini sodiamu yake ni kidogo kwa mtu anayepoteza chumvi kwa kasi. Kwa jua la Januari ni kinywaji bora. Kwa kipindupindu halitoshi.

Glukosi na vipande vya protini vikishavuka, vinaingia kwenye vishipa vya damu vya vile vijidole, na damu hiyo yote haiendi moyoni moja kwa moja. Inapelekwa kwanza kwenye ini, ambalo hukagua, huweka akiba na kuondoa sumu. Mafuta mengi yana njia nyingine. Yakishavuka hufungwa upya kwenye vifurushi ambavyo ni vikubwa kuliko vinavyoweza kupenya kwenye vishipa hivyo, basi huchukuliwa na mishipa ya limfu, ile inayokusanya maji ya mwili, na kumwagwa kwenye damu karibu na shingo, upande wa kushoto. Mwaka 1622 Mwitaliano Gasparo Aselli alimpasua mbwa aliyetoka kula akaona nyuzi nyeupe zimetapakaa kwenye utando wa matumbo. Ilikuwa limfu iliyojaa mafuta. Adhuhuri ile nami, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya feri ya kurudi mjini, nilikuwa na mishipa myeupe kama ya mbwa wa Aselli, inapitisha nazi ya mama wa Kibokoni.

Hesabu ya maji nayo inastaajabisha. Kwa siku tunakunywa na kula kama lita mbili za maji, lakini mate, asidi, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe vinaongeza kama lita saba. Kati ya lita hizo tisa, utumbo mwembamba hurudisha zaidi ya saba, utumbo mpana karibu zote zilizosalia, na kinachotoka na choo ni kama kikombe kidogo cha kahawa au viwili. Mfumo huu unakosea kidogo tu, na mtu anakimbia.

Alasiri, mabaki yanaanza kuingia utumbo mpana. Una urefu wa kama mita moja na nusu, na kila kitu humo huenda kwa mwendo wa mkokoteni wenye pancha, siku nzima au mbili au zaidi. Hapa wenye nyumba ni bakteria, kwa matrilioni. Wao hula tusichoweza kukimeng'enya: nyuzinyuzi za ganda la mbaazi, wanga uliokataa kukatika. Kwa malipo hutuachia asidi fupi za mafuta ambazo seli za ukuta wa utumbo mpana huzitumia kama chakula chao kikuu, na vitamini K kidogo. Rangi ya choo inatokana na nyongo, na nyongo hupata rangi yake kwenye masalia ya chembe nyekundu za damu zilizozeeka. Kilichobaki sehemu kubwa ni maji, na kati ya kile kikavu, fungu kubwa ni bakteria wenyewe, wazima na wafu. Ganda la punje ya mahindi ya kuchoma unaloliona kesho yake halina siri: hatuna kimeng'enya cha kulikata.

Na hapa ndipo yalipo maneno ya mama wa mbaazi. Mbaazi, kunde, maharagwe na ndengu zina sukari za aina ya rafinosi na stakiosi. Zina kiungo kimoja ambacho binadamu hana kimeng'enya cha kukifungua, si mdomoni, si kwenye kongosho, si kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Zinapita forodha nzima bila kuguswa na kuwafikia bakteria kama karamu. Wanazichachusha, na uchachu huo unatoa haidrojeni na kaboni dioksidi, na kwa baadhi ya watu methani pia. Gesi hizo hazina harufu. Kinachonuka ni kiasi kidogo mno cha misombo ya salfa. Ndiyo riahi yenyewe.

Lakini sukari hizo huyeyuka majini. Mbaazi zikilala usiku kucha kwenye sufuria, sehemu yake inatoka na kubaki kwenye maji ya kulowekea, na mpishi akipikia maji hayohayo kwa kuona uvivu, anakurudishia yote. Mama yule huyamwaga. Nilimkuta siku nyingine, kabla ya adhana ya alfajiri, ameinama mlangoni anayamimina kwenye mfereji wa kichochoro, maji ya rangi ya chai nyepesi, yenye povu jembamba juu.